Aproni Nyeupe, Suruali Iliyokatwa kwa Mkasi

Nianze na pasi. Mama yangu mdogo alikuwa nesi, na nilipokuwa mtoto, kila Jumapili jioni alikuwa anawasha pasi ya mkaa uani, anatandika blanketi juu ya meza, halafu anapiga pasi gauni lake jeupe la kazini. Lilikuwa limelala kwenye maji ya bluu, likatiwa wanga wa muhogo, na likikauka lilikuwa gumu kama kadibodi. Sisi watoto tulifukuzwa mbali kabisa. Ukigusa kwa kidole chenye mafuta, umekwisha. Mimi nilidhani anapenda tu usafi. Nimechelewa sana kujiuliza lile gauni lilikuwa linarudi likiwa katika hali gani, na kwa nini alilifua yeye mwenyewe, usiku, peke yake, wakati nyumba ilikuwa na mabinti watatu wa kufua.

Swali hilo limenirudia mwezi huu nikisoma tena *Testament of Youth* ya Vera Brittain. Ni kitabu cha 1933, kinene, zaidi ya kurasa 600, kumbukumbu za msichana wa Kiingereza aliyeacha masomo Oxford mwaka 1915 akaenda kuuguza majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza kwa kujitolea. Wengi wetu tumekifahamu kupitia filamu ya 2014, ile ya Alicia Vikander. Filamu ni nzuri, sikatai. Ila ina aproni safi mno, na ninachotaka kusema leo ni kwamba kitabu hiki kinasomeka vizuri zaidi ukifuata nguo zake. Nguo ndizo zinazomfanya Brittain aandike ukweli, na nguo hizo hizo zinaonyesha mahali alipokosea.

Kwanza tuwaweke sawa hawa wauguzi. Mwaka 1909, wizara ya vita ya Uingereza ilianzisha mpango wa vikosi vya raia wa kujitolea, chini ya Msalaba Mwekundu wa Uingereza na Shirika la St John. Vikaitwa kwa kifupi VAD. Herufi hizo zilikuwa jina la kikosi, lakini vita ilipopamba moto zikageuka kuwa jina la mtu: huyu ni VAD, yule ni VAD. Na ukisema VAD, watu waliona picha moja tu: msichana wa familia yenye nafasi, gauni la bluu akiwa wa Msalaba Mwekundu, la kijivu akiwa wa St John, kola ngumu, pindo ngumu za mikono, kitambaa cheupe kichwani na aproni nyeupe. Aproni ya Msalaba Mwekundu ilikuwa na msalaba wenyewe kifuani, mwekundu, haukosekani hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Kwa nini wa familia yenye nafasi? Hesabu ni rahisi. Waliokuwa hospitali za jeshi walilipwa pauni 20 kwa mwaka. Binti anayetegemewa nyumbani asingeweza. Kwa hiyo walioweza kujitolea ni wale ambao baba alikuwa analipa kila kitu kingine. Brittain ni mmoja wao, na hafichi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha karatasi. Anasimulia alivyoanza kazi hospitali ya Devonshire huko Buxton, Juni 1915, akiwa hajawahi kufanya kazi ya mikono, hata yai alikuwa hajui kulichemsha. Ukurasa ule unachekesha, na anajicheka mwenyewe kwanza kabla hujamcheka wewe.

Sasa, sare ile ilikuwa inafanya kazi gani? Tuangalie upande wa wanaoitazama kwanza. Mwaka 1917, mchoraji wa Marekani A. E. Foringer alichora bango la Msalaba Mwekundu lililokuja kusambaa kila mahali. Linaonyesha mwanamke mkubwa mno aliyevaa nguo nyeupe, amempakata askari mdogo kama mtoto, askari yuko kwenye machela. Uso wa mwanamke unatazama juu. Ni Bikira Maria na mwanawe, sema tu mtoto amevunjwa mifupa. Bango lile linamwambia mama aliyeko nyumbani: mwanao akiumia ataangukia mikono ya mama mwingine, msafi, mtulivu. Hakuna tone la damu kwenye ile nguo. Hakuna usaha. Mikono ya mwanamke haina kidonda hata kimoja.

Brittain anaandika kinyume cha bango lile, bila kulitaja. Oktoba 1915 alihamia hospitali kubwa ya jeshi Camberwell, London, akaishi hosteli mbali na wodi. Zamu ilianza saa moja na nusu asubuhi hadi saa mbili usiku, na katikati wakipata saa tatu za mapumziko. Walikwenda kwa miguu, mvua ikinyesha wananyeshewa. Anasimulia viatu, soksi, miguu iliyovimba, mikono iliyopasuka kwa maji ya baridi na dawa. Kola ile ngumu inakwaruza shingo. Hata wanga una hadithi yake: unajua mtu amechoka pale aproni inapomsimamia yeye, badala ya yeye kuisimamia. Maneno hayo ni yangu, lakini ndivyo nilivyousoma ukurasa.

Halafu inakuja sehemu ambayo kwangu mimi ndiyo moyo wa kitabu chote.

Mchumba wake, Roland Leighton, alikuwa Ufaransa. Desemba 1915 alikuwa arudi likizo ya Krismasi. Brittain akaenda Brighton kumsubiri. Siku ya tarehe 26 akaitwa kwenye simu, akakimbia akijua ni yeye amefika. Kumbe ni taarifa. Roland alipigwa risasi ya tumbo usiku, akikagua waya mbele ya handaki, akafa tarehe 23. Wiki chache baadaye Brittain alikwenda nyumbani kwa akina Leighton, akakuta mama na dada wa marehemu wamesimama katikati ya vitu vyake vilivyorudishwa na jeshi. Sare yake. Matope ya Ufaransa bado yameganda juu yake. Koti lina tundu. Fulana ina damu. Na harufu, ambayo Brittain anaieleza kwa muda mrefu kuliko msomaji anavyotaka, harufu ya kaburi. Mama mtu hakuweza kuvumilia, akaamuru viondolewe, visionekane tena.

Wahakiki wengi wameandika kuhusu ukurasa huu, na karibu wote wanakaa kwenye harufu na matope. Sawa. Mimi naomba tukae kidogo kwenye suruali. Brittain anatuambia kwamba suruali ilikuwa imepasuliwa juu, na anaona moja kwa moja kwamba aliyeipasua alikuwa na haraka kubwa. Ni kama mstari mmoja tu. Mama wa marehemu anaona nguo ya mwanawe imeharibika. Dada anaona hivyo hivyo. Brittain anaona mkasi. Anaona kuna mtu, mahali fulani karibu na mstari wa mbele, aliyeinama juu ya Roland akijaribu kulifikia jeraha la tumbo kabla damu haijaisha. Anaona kazi. Kwa sababu kufikia siku ile alikuwa na miezi sita ya kuvua watu nguo zilizogandana na ngozi. Yeye peke yake chumbani mle anajua kusoma kitambaa.

Hapo ndipo huduma yake inapoingia ndani ya maandishi yake. Aliwahi kusema wazi, kwenye kitabu hicho hicho, kwamba kila mwili wa askari aliouosha aliuosha kwa ajili ya Roland. Kauli ile ni nzuri, ila bado ni ya msichana anayependa. Mstari wa suruali umeandikwa na muuguzi. Haulii. Unatazama tu mshono uliokatwa na kusema aliyekata alikuwa anakimbizana na muda. Mimi uliniumiza kuliko mashairi yote yaliyomo kitabuni, na mashairi yamo mengi, mengine angeyaacha.

Maana tuseme ukweli, kitabu kina matatizo. Katika utangulizi anaeleza kwamba alijaribu kwanza kukiandika kama riwaya, ikashindikana, akafikiria kutoa shajara yake kama ilivyo, nayo haikufaa. Alama za majaribio hayo bado zinaonekana. Kuna barua ndefu zilizonukuliwa pale ambapo sentensi moja ingetosha. Kuna kurasa nyingi za siasa baada ya vita ambazo msomaji wa leo atazipitia haraka. Lakini hayo ni madogo. Tatizo kubwa liko kwenye nguo nyingine, ile asiyoivaa yeye.

Katika wodi zile kulikuwa na wauguzi wa aina mbili. Wa kujitolea, na wa taaluma. Wale wa jeshi la kudumu walivaa gauni la kijivu na kikepu chekundu mabegani. Kikepu kile kilikuwa na maana ya miaka mitatu ya mafunzo na miaka mingine ya kazi. Ndio walioitwa Sista. Wa kujitolea alitakiwa kuitwa Nesi tu, na askari walipokuwa wanamwita na yeye Sista kwa heshima, wenye cheo walichukia.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunapaswa kuelewa kuliko wengine. Mpaka leo, ukiingia hospitali nyingi za kwetu, unamwita muuguzi "Sista", awe mtawa, awe mke wa mtu, awe ameajiriwa jana. Neno limefika kwetu likiwa limepoteza ngazi zake. Lakini kule lilikotoka lilikuwa na uzito wa mshahara na pensheni. Wauguzi wa taaluma walikuwa wanapigania kutambuliwa kisheria kwa miaka mingi, na sheria ya kuwasajili wauguzi Uingereza ilipitishwa mwaka 1919 tu, vita imekwisha. Sasa fikiria: unapigania kazi yako ihesabiwe kuwa kazi, halafu wanakuja mabinti wa matajiri, wana wiki chache za mafunzo, wanavaa msalaba kifuani, magazeti yanawapiga picha wao. Na kazi wanaifanya karibu bure! Wewe ungewachekea?

Brittain haoni hilo, au analiona kwa mbali sana. Masista wake wengi ni wakali, wana midomo iliyobana, wanamsumbua kuhusu vumbi na mpangilio wa mashuka. Anatambua wachache wema, hasa Malta alikopelekwa mwaka 1916, ambako maisha yalikuwa na jua na sheria zilikuwa zimelegea. Ila kwa jumla kikepu chekundu kwake ni adui. Hajiulizi yule sista anarudi wapi vita ikiisha. Yeye Brittain alikuwa na Oxford inamsubiri, na kweli akarudi. Sista hakuwa na pengine pa kurudi zaidi ya wodi nyingine.

Na kuna tukio moja linaloanika jambo hili lote, ingawa sidhani kama alilikusudia hivyo. Agosti 1917 alipelekwa Étaples, Ufaransa, kwenye kambi kubwa ya hospitali karibu na bahari. Aliwauguza hata mateka wa Kijerumani, akawa anaosha vidonda vya watu ambao kaka yake Edward alikuwa vitani kuwaua. Kurasa zile ni bora, nazo ndizo zilizomwelekeza kwenye upinzani wake wa vita maisha yake yote. Kisha, mwanzoni mwa 1918, wakati mashambulizi makubwa ya Wajerumani yanamimina majeruhi, inakuja barua ya baba: mama yako anaumwa, rudi nyumbani, ni wajibu wako. Naye anarudi. Ana hasira, anaona aibu, lakini anarudi. Analalamika, kwa haki kabisa, kwamba hakuna baba ambaye angethubutu kumwandikia mtoto wa kiume aache handaki aje kumtazama mama. Mtoto wa kike hata akivaa sare bado ni wa nyumbani.

Hoja hiyo ni kali, na nadhani binti yeyote wa kwetu aliyewahi kuitwa kutoka kazini au masomoni kuja kuuguza mgonjwa wa ukoo ataielewa bila maelezo. Lakini kuna upande wa pili ambao Brittain anauruka. Yeye aliweza kuondoka. Mlango ulikuwepo. Yule sista mwenye kikepu, ambaye labda naye alikuwa na mama mgonjwa mahali, alibaki na wodi iliyopungukiwa na mikono miwili. Kitabu kinatufuatisha treni ya Brittain. Wodi tunaiacha nyuma.

Kwa usawa wa haki, nimesoma pia Enid Bagnold, *A Diary Without Dates*, cha 1918. Huyu naye alijitolea, hospitali ya Royal Herbert huko Woolwich, na tofauti na Brittain aliyesubiri miaka 15, yeye alichapisha vita ikiwa bado inaendelea. Hospitali ikamfukuza. Kitabu chake ni chembamba, ni vipande vipande, hakina tarehe kama jina linavyosema. Bagnold anawatazama masista kwa mshangao, kama mtu anayejaribu kuelewa dini ya wengine. Anaona jinsi sheria ya wodi inavyoweza kumfanya mtu apite karibu na maumivu bila kugeuza shingo, na anajiogopa, kwa sababu anahisi na yeye anaanza kuwa hivyo. Hana uchungu wa Brittain, hajafiwa na mchumba, na mahali pengine ubaridi wake unakera. Ila anaona kitu ambacho Brittain hakioni: kwamba ile kola ngumu ni kinga. Anayefanya kazi hii miaka ishirini anahitaji kitu cha kumzuia asimwagike.

Nikitakiwa kuchagua kitabu kimoja, bado nitachagua Brittain, kwa sababu ya suruali. Lakini nitamwambia msomaji asikae peke yake na Brittain. Mpe na Bagnold, vitabu hivi vinasemeshana.

Kabla sijamaliza, jambo moja la kwetu, maana vita ile ilifika hapa. Wakati Brittain anaosha vidonda Camberwell, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalikuwa yanafukuzana Afrika Mashariki, na mizigo yao ilibebwa vichwani na watu wetu. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo pale Dar es Salaam, na Kariokor kule Nairobi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Dar es Salaam ina sanamu ya askari, ya mwaka 1927, na maandishi yake yanawakumbuka na wapagazi. Lakini sanamu ni ya shaba na haina harufu. Nani alisimama katikati ya nguo za mpagazi aliyekufa akasoma palipochanika? Fasihi yetu ya vita ina majenerali, ina mashujaa, Shaaban Robert mwenyewe alitunga utenzi mrefu wa vita vya 1939 hadi 1945. Muuguzi anayesimulia kwa Kiswahili kutoka kando ya kitanda, mimi bado namtafuta kwenye rafu yangu. Na sio lazima iwe vita. Wodi ya wazazi usiku mmoja inatosha kujaza kitabu.

Nilimsomea mama mdogo ukurasa ule wa nguo za Roland, nikimtafsiria nilivyoweza. Sasa ni mzee, amestaafu zamani, gauni jeupe lilishageuzwa matambara. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea azungumzie mchumba, au mama wa marehemu. Akauliza:

"Hao jeshi walizituma hivyo hivyo, bila kufua?"

Nikamwambia ndiyo, mama.

Akatikisa kichwa. "Hawakuwa na nesi wa kuzikunja, mwanangu. Sisi mgonjwa akifariki, nguo zake nilikuwa nazisuuza mwenyewe kwanza. Kama zimekatwa na mkasi, nazikunja palipokatwa pakae kwa ndani. Ndugu watapaona baadaye wakifika nyumbani, lakini sio pale mlangoni."

Miaka yote niliyoishi naye hajawahi kunieleza hilo. Nikamuuliza kama ameshawahi kuliandika mahali. Akacheka, akaniambia nimletee chai.